Ngozi Zilizoyeyuka Pipani

Tangu siku alipoolewa na mwana wa pili wa nyumba ile, wanawake wa karakana walimwita Bi Harusi, na miaka ilipita jina lisitoke. Hawakumwita hivyo kwa uzuri wala kwa heshima. Ni kwamba kila alipopita upande wa mapipa alijifunika uso kwa mtandio, kuanzia kidevuni mpaka chini ya macho, kama mtu anayengoja kufunuliwa na bwana. "Mpisheni Bi Harusi!" walisema wale wanawake huku wakipara magamba, na vicheko vikamsindikiza mpaka mlangoni.

Karakana ilikuwa ya mama mkwe wake. Uani, chini ya paa la mabati, ngozi za samaki zilizotupwa na kiwanda cha minofu zilioshwa, zikaparwa, zikalazwa kwenye chokaa, halafu zikaloweshwa katika maji ya magome ya miti mpaka zikawa ngozi kweli za kutengenezea pochi na mikanda. Upande wa pili wa ukuta kulikuwa na chumba kikavu chenye cherehani mbili, na huko ndiko Bi Harusi alikotawala. Ngozi ilipomfikia ilikuwa imeshasahau kama iliwahi kuwa na samaki ndani yake. "Mimi na samaki," alipenda kusema, "tunaonana akishaoga na kuvaa."

Mpaka huo ulivunjwa na jicho la mama mkwe. Alitolewa mtoto wa jicho, akafungwa kitambaa, na daktari akampiga marufuku: asiiname, asikae penye vumbi, na chokaa asiione hata kwa mbali. Wale wanawake walikuwa wa kupara tu, saa sita wameshaondoka. Kazi ya kulowesha, ya kupima chokaa na dawa ya kung'oa magamba, mama mkwe hakuwahi kumwachia mtu.

"Utashika wewe," alimwambia Bi Harusi akiwa amelala chali katika chumba chenye mapazia mazito.

"Mama, tumbo langu unalijua, halistahimili harufu."

"Tumbo halina kazi kule, mwanangu. Kule ni mikono tu."

Basi akaingia. Alijifunga mtandio mara mbili, akavaa viatu vya mpira na glavu zilizofika kwenye viwiko, akajifunza kupumua kwa mdomo. Wiki ya kwanza alitapika asubuhi, akaosha uso, akaendelea. Wanawake walimcheka siku mbili za mwanzo, kisha wakaanza kumwekea ndoo karibu, bila neno. Kidogokidogo aliweza kuishika ngozi mbichi bila kufumba macho. Kuipenda, hapana. Lakini kazi ilikwenda.

Hapo ndipo shemeji yake alipotokea na ngozi zake za barafu.

Shemeji huyu alikuwa kifungua mimba wa mama mkwe, na mtaa mzima ulimwita Fursa, kwa sababu kila jambo kwake lilikuwa fursa. Mvua ikinyesha, fursa. Jirani akifiwa, fursa. Alikuwa mtanashati, meno meupe, mkono mwepesi wa kumgusa mtu begani. Siku hiyo alileta gari lililojaa mabonge ya ngozi zilizogandishwa, zimefungwa kwenye plastiki ya bluu. Alisema zimetoka kwa samaki wa bahari za mbali kabisa, kule ambako maji ni ya baridi kiasi kwamba mtu akitumbukia anakufa kabla hajamaliza kupiga kelele.

"Angalia upana wake, shemeji. Zile za kwetu ni leso, hizi ni shuka. Ukishona mkoba kwa hii, unatumia kipande kimoja tu. Hii ni fursa."

Nusu alizipeleka kwenye friza aliyokodi kwa muuza nyama, nusu akaziacha uani ziyeyuke barafu. Bi Harusi alikwenda kumuuliza mama mkwe.

"Ngozi ni ngozi," alijibu mama mkwe. "Fanya kama nilivyokufundisha."

Akafanya kama alivyofundishwa. Alifungua maji ya tangi jeusi lililokuwa juu ya paa, ambayo jua liliyapasha bure tangu asubuhi. Alichovya kiwiko. Kipimo cha mama mkwe kilikuwa hicho: maji yakiwa kama ya kumwogeshea mtoto mchanga, yanafaa, yanalegeza mafuta na kuachia magamba. Yalikuwa hivyo hasa. Akatia chokaa, akatia dawa, akazilaza zile ngozi pana, akafunika mapipa. Ilikuwa miezi ya joto, mabati yanaalika juu ya kichwa, hata kivuli kimechoka. Akaoga, akarudi kwenye cherehani yake.

Kesho yake, kabla hajafika kwenye mapipa, alijua. Harufu ya ngozi za kila siku alikuwa ameizoea kama mtu anavyozoea mkwe mkorofi. Hii ilikuwa nyingine. Ilikuwa na utamu ndani yake, utamu wa mafuta yaliyochacha, na ilikuwa nzito, ilimkaa kwenye ulimi. Alifunua pipa la kwanza. Juu palielea utando wa mafuta ya rangi ya kutu. Aliingiza mkono kutafuta ngozi, na hakukuwa na ngozi. Palikuwa na kitu kilichomzunguka vidole, kikapanda kwenye mkono, kikaingia ndani ya glavu. Alipoinua, kilimfuata. Kilining'inia kwenye kiwiko kwa kamba ndefu za makamasi, na ndani ya makamasi hayo magamba yalimetameta, na vipande vilivyojikunja kama kucha za mzee. Alichopoa glavu, ikatoka na mlio kama wa busu.

Alitapika palepale. Hakufikia ndoo.

Mume wake alikuwa mwalimu wa baiolojia katika shule ya sekondari ya jirani, mtu mpole, mwenye chaki mfukoni hata siku za sikukuu. Aliporudi mchana alimkuta mkewe amekaa kwenye ngazi, mikono ameinyoosha mbele kama vitu vya watu wengine. Akaenda kutazama. Badala ya kurudi amekunja uso, alirudi anacheka kwa furaha, na mkono wake ulikuwa unatiririka.

"Mke wangu, njoo uone! Imeyeyuka yote!"

"Nimeona."

"Hapana, hujaona. Sikiliza. Samaki hana jiko tumboni kama sisi. Joto la maji ndilo joto lake. Sasa samaki wetu wa ziwani anaishi kwenye maji ya vuguvugu, kwa hiyo protini ya ngozi yake imesokotwa kwa nguvu, kamba juu ya kamba, vifungo kila mahali, ili isiachie. Yule wa kwenye barafu hana haja hiyo. Angesokotwa vile angekakamaa. Kamba zake zimefungwa kwa vifungo vichache tu, na zinamtosha, kwa sababu maisha yake yote hajawahi kuonja joto. Sisi tukamtia kwenye maji ya kumwogeshea mtoto. Kwake hayo ni jikoni! Halafu chokaa ikamaliza. Hata mafuta yake ni ya aina nyingine, hayagandi kwenye baridi, ndiyo maana hapa yanachacha upesi hivi..."

"Mume wangu," alisema Bi Harusi, "unanisomesha protini na mimi nina makamasi ya samaki mpaka kwapani."

Mume aliona haya. Alimletea sabuni, akamsugua mikono yeye mwenyewe, taratibu, kidole kimoja kimoja. Lakini hakuweza kujizuia, akaongeza: "Unajua, ukiisafisha, hiyo ni jelatini. Ileile wanayotia kwenye pipi za kutafuna."

Fursa alikuwa amesimama mlangoni. Alikuja mbio aliposikia habari za hasara, uso umemsawijika. Waliona wote wawili jinsi uso ule ulivyokunjuka.

"Rudia hapo, mdogo wangu," alisema.

Kuanzia hapo nyumba ile haikukalika. Fursa aliuteka upande wa mapipa. Kwanza alitaka ijulikane nani mkosaji. "Aliyetia maji ya moto ni nani? Mimi nilileta mali nzima," alisema mbele ya wanawake wa karakana, kwa sauti ya upole, na wanawake wakainamisha macho kwenye magamba yao. Kweli maji aliyatia Bi Harusi. Kisha Fursa akaanza kuokoa mali, kama alivyosema mwenyewe. Alichuja ile takataka kwa chandarua cha zamani. Akaichemsha kwenye masufuria, akaimwagia siki kuua chokaa, akaimimina kwenye mabati yaliyolazwa juani. Nzi walikuja wengi, wakanasa, wakafa humo, naye akawa anawaopoa kwa kijiko na kuwapangusa ukutani. Majirani walifunga madirisha na joto lote lile. Bi Harusi alishona na pamba puani. Alisikia ile harufu kwenye nywele zake, kwenye mto, kwenye shati la mumewe. Alianza kuila kwenye chakula.

Siku moja alifungua friji kuchukua maziwa, akakuta bakuli la udongo, bakuli lake mwenyewe la saladi. Ndani yake kitu cha kijivu kimeganda, kinatetemeka. Alilitoa akaliweka mezani, akaita mtu aje aseme ni nini. Kabla hajafika mtu, joto la jikoni lilikuwa limeshafanya kazi. Kile kitu kililegea mbele ya macho yake, kikawa majimaji tena. Mguu wa nzi ukaelea juu.

"Usiguse, shemeji, hiyo ni sampuli," alisema Fursa kutoka nyuma yake, akalichukua bakuli kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba kichanga. "Kwenye baridi inashika vizuri sana. Ikipata joto ndiyo inaleta kiburi."

"Shemeji, unataka kumpa nani kitu hiki?"

"Kuna mtu anatengeneza pipi. Anakuja."

"Pipi za watoto?"

"Wewe ulitaka pipi za nani? Za ng'ombe?"

Bi Harusi alikwenda moja kwa moja kwa mama mkwe. Alimkuta ameketi kitandani, kitambaa jichoni, redio chini kabisa. Akapiga magoti kando ya kitanda, akaeleza yote: dawa ya kung'oa magamba inayobabua vidole, chokaa, nzi, mafuta yaliyochacha, chandarua. Alieleza akilia, si kwa huzuni ila kwa kichefuchefu, maana kila neno lilimrudishia ile ladha.

Mama mkwe alizima redio.

"Mwanangu," alisema, "mwenzako anahangaika kufukia shimo ulilochimba wewe. Mwache."

"Mama, watakula watoto."

"Watoto wanakula udongo na hawafi. Mwache shemeji yako aokoe anachoweza kuokoa." Kisha, kwa sauti ya kubembeleza: "Yule ni kifungua mimba wangu. Akianguka tena, mwaka huu, sijui kama atainuka."

Bi Harusi alimtazama. Alimpenda mwanamke huyu. Yeye ndiye aliyemfundisha kushona ngozi bila kuitoboa vibaya, yeye ndiye aliyemkalia kitandani mimba yake ya kwanza ilipoharibika. Sasa alimwona mdomo tu, chini ya kile kitambaa, mdomo uliotoka kusema watoto hawafi, na akahisi kinyaa. Kilimtisha kinyaa hicho kuliko cha mapipa. Cha mapipa kilikuwa na sabuni yake.

Mtengeneza pipi alikuja siku iliyofuata, mchana. Alikuwa mnene, mtaratibu, shati jeupe limepigwa pasi mpaka mikunjo ya mikono ingeweza kukata mkate. Fursa alimpitisha uani kama anampitisha bustanini. Mabati yalikuwa na magamba makavu ya kile kitu, manjano, yamejikunja pembeni, na mapipa mawili bado yalikuwa yamejaa ute uliosubiri zamu yake. Bi Harusi aliacha cherehani, akatoka. Hakujifunika uso. Alitaka asikie vizuri na asikike vizuri.

"Inashika?" aliuliza mtengeneza pipi. Alivunja kipande, akakinusa, wala hakukunja pua.

"Kwenye friji inashika," alisema Fursa.

"Ya samaki wa baridi hiyo. Peke yake haisimami. Nitaichanganya na ya ng'ombe. Ya ng'ombe inashika, hii inajaza."

"Samahani, baba," alisema Bi Harusi. "Umeambiwa ilikuwa ndani ya nini?"

"Shemeji, rudi ndani," alisema Fursa, bado anatabasamu.

"Ilikuwa kwenye dawa ya kung'oa magamba. Hii hapa." Alinyoosha mkono. Ngozi ya vidole ilikuwa imebabuka, nyekundu, inachunika. "Dawa hii iliingia ndani ya glavu. Na wale nzi unaowaona ukutani walitoka humo humo."

Alingoja. Alikuwa na hakika kwamba sasa mtu huyu angetema mate, angegeuka, angeondoka. Mtengeneza pipi aliutazama ule mkono kwa huruma kabisa, huruma ya kweli, kama ya mjomba.

"Pole sana, dada. Paka mafuta," alisema. "Lakini usijitie hofu. Mimi kazi hii nimeifanya miaka. Tia sukari, tia rangi nyekundu na harufu ya matunda, hata kiatu kinalika." Akageuka kwa Fursa. "Magunia yapo?"

Baadaye Bi Harusi hakukumbuka kama aliwaza chochote. Alikumbuka tumbo tu, kwamba kwa mara ya kwanza tangu siku zile zianze lilikuwa limetulia, kavu, gumu kama ngumi. Alikwenda kwenye banda la kuni, akachukua dumu la mafuta ya taa la kuwashia moto wa kuchemshia magome. Alifungua kifuniko. Akamwaga kwenye pipa la kwanza, akamwaga kwenye la pili, akapita kwenye mabati moja baada ya jingine kama mtu anayenyunyizia miche. Alifanya bila haraka. Fursa alipoelewa na kuja kumnyang'anya, dumu lilikuwa jepesi.

"Wewe mwanamke una wazimu?"

"Sasa tia rangi nyekundu," alisema Bi Harusi.

Mtengeneza pipi alikwishajikung'uta shati lake, akatoka nje kwa hatua zake za taratibu. Alisimama mlangoni akasema, "Mkimalizana mtanipigia." Hakuwa na hasira hata kidogo. Bi Harusi alitamani awe na hasira.

Fursa alipiga kelele mpaka watu wakapanda juu ya ukuta kutazama. Alimwita mharibifu, kuku mgeni asiyejua hata kamba yake iko wapi, mwanamke aliyekuja kuvunja nyumba ya watu. Kisha akampigia mdogo wake simu aje amshike mkewe. Mwalimu alikuja, chaki vidoleni. Alisikiliza upande wa kaka yake wote, mpaka mwisho. Kisha akaenda akatazama mapipa. Alisimama hapo muda mrefu, na Bi Harusi alimwona, kwa mara ya kwanza, anaziba pua.

"Ni mimi niliyekuambia ni jelatini," alimwambia kaka yake. "Nilikuwa nacheka. Nilikuwa na raha kama mtoto."

"Basi mwambie mkeo."

"Nimwambie nini? Kaka, ondoka. Nakuomba uondoke kabla sijatapika."

Fursa alipoondoka, mume na mke walichimba shimo nyuma ya banda la kuni, kwenye udongo uliokauka kama kigae. Wanawake wa karakana walirudi bila kuitwa, wakasaidia kuviringisha mapipa. Kile kitu kilitoka kwa kusitasita, kikavutika, kikang'ang'ania mdomo wa pipa, kikaanguka kwa kishindo na harufu ya mafuta ya taa na samaki. Mbwa walikuja wakanusa, wakaondoka. Mwalimu hakueleza chochote. Alitapika mara moja, akajifuta, akaendelea kuchimba.

Mama mkwe hakusema na Bi Harusi siku nyingi. Chakula alipokea, akala, akasukuma sahani. Alipofunguliwa kitambaa na kuambiwa anaweza kutembea, alikwenda uani kabla ya kwenda popote. Aliona mapipa yamekwaruzwa kwa mchanga. Aliona ukuta aliokuwa Fursa akipangusia nzi, maana hakuna aliyekuwa na moyo wa kuukwangua. Alisogeza uso karibu, kwa lile jicho jipya, akawatazama mmoja mmoja kama mtu anayesoma.

"Hawa wote?" aliuliza.

"Hao ni wa siku moja, mama."

Mama mkwe hakuomba msamaha. Alichukua kisu cha kuparia, akaanza kuukwangua ukuta yeye mwenyewe, akainama bila kujali daktari, mpaka Bi Harusi akamwondoa kwa kumshika mabega.

Zile ngozi za friza hazikutupwa. Mama mkwe alizichukua na kuzifanya kwa njia nyingine, maji ya kisimani, vipande vya barafu juu yake, alfajiri, chokaa kidogo na muda mfupi, na mwalimu amesimama kando na kipimajoto cha shule. Zilipomaliza kulala kwenye magome zilikuwa nzuri, pana na nyepesi kama Fursa alivyoahidi. Bi Harusi alizishona mikoba. Watu waliipenda. Mwenyewe hakubeba hata mmoja.

Fursa alirudi baada ya miezi michache, kama watu wa aina yake wanavyorudi, na mkate mkononi na kicheko mlangoni. Mama alimkumbatia. Mwalimu alimsalimia. Walikula pamoja mezani, naye akaeleza jambo jipya, mahali fulani penye mashine fulani, na akamgusa kila mtu begani. Hakutaja mapipa. Hakukuwa na ubaya wowote usoni mwake, hilo ndilo lililomshinda Bi Harusi. Fursa alikuwa ameshasahau.

"Shemeji, huli?" alimuuliza, akamsogezea bakuli la mchuzi.

Bi Harusi alitazama vidole vya shemeji kwenye ukingo wa bakuli, visafi, kucha zimekatwa vizuri. Hasira ilikuwa imemwisha zamani, aliitafuta asiione; kilichobaki ni kinyaa tu. Aliinuka, akasema ameshiba, akaenda kuketi kwenye cherehani yake mpaka mgeni alipoondoka.